Tahadhari Mia Mbili na Ishirini na Sita

Ijumaa, 20 Machi

Nimepoteza vifaranga 640,000 vya samaki aina ya mwatiko. Vilikufa jana, Alhamisi tarehe 19, siku ya Nyepi, sikukuu yetu ya kimya, kati ya saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi na saa sita na dakika tano mchana. Naandika hivyo kabla ya yote ili siku nitakayosoma hasira ikiwa imepoa nisijidanganye kwamba ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya haina saa wala dakika. Hii inazo.

Mambo yalikwenda hivi. Mabwawa yangu manane ya kutotoleshea yako ufukweni, nyumba yangu iko kijijini, kilomita moja na robo. Siku ya Nyepi hakuna atokaye nje, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili ya kesho yake, na walinzi wa mila wa banjar, yaani jumuiya ya mtaa, hupita barabarani kuhakikisha. Mistar, mfanyakazi wangu anayelala kule siku zote, alikuwa kwao Java kwa ajili ya Idi. Nikajiambia, kuna kifaa. Kifaa kinapima hewa iliyomo majini, ikipungua kinaniletea tahadhari kwenye simu kwa njia ya intaneti.

Mashine ya kupulizia hewa ilizimika. Jenereta ya akiba haikuwaka. Kifaa kikafanya kazi yake bila kasoro, kikatuma tahadhari kila dakika tano. Ila kwa Nyepi serikali huamuru makampuni ya simu yakate intaneti kwa saa zote ishirini na nne, nchi ipate kimya. Tahadhari zangu zikakaa huko zinakokaa.

Leo saa kumi na mbili kamili nilikuwa naosha mchele. Zikaingia zote pamoja. Simu ilitetemeka juu ya meza mpaka ikaanguka. Mia mbili na ishirini na sita.

Kazi hii niliianza nikiwa na miaka kumi na tano, mhesabu vifaranga, nimechuchumaa juu ya beseni, nachota kwa kibakuli na kuimba hesabu, maana asiyeimba hupotea njiani kabla ya kufika mia. Leo nimehesabu vilivyokufa bila kuimba. Vilikuwa na siku kumi na saba. Vilibakisha mbili viuzwe.

Jioni alikuja Nyoman Sadra, mlinzi wa mila wa mtaa wetu, kuomba radhi, kama watu wote wanavyotembeleana siku inayofuata Nyepi. Desturi ni kuomba mara moja. Yeye aliomba mara tatu. Sikumpa hata kahawa.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Nimemwaga mabwawa yote manane.

Jumatano, 25 Machi

Nimeiandikia barua ofisi ya serikali ya mawasiliano mjini. Ukurasa mmoja, chini jina langu lote, Nengah Rustini. Nimewataka wasikate tena kabisa, nikawauliza kwa nini wanakata bila kujua wanakata nini.

Mzee Pasek amepita tena. Anataka kujua kama nitakodi kiwanja chake kilicho kando ya changu, miaka mitano, nijenge mabwawa mengine manane. Nimemwambia anipe muda. Kupanua mradi ambao kila Machi unaweza kufa kwa amri ya mtu aliyeko ofisini si ujasiri, ni ujinga.

"Nengah, mie sina haraka," akasema. "Ila mwanangu anayo. Mwisho wa Juni."

Jumatatu, 30 Machi

Mistar amerudi. Alisimama kwenye bwawa la tatu kwa muda mrefu, kofia mkononi.

"Mama Bosi, ningekuwepo mimi..."

"Hukuwepo. Ulikuwa kwa mama yako unakula Idi, na ni haki yako. Aliyepaswa kuniambia ni kifaa."

"Kifaa kina njia mbili lakini."

"Njia mbili zipi?"

Akanitazama kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingia. "Intaneti na meseji ya kawaida. Meseji Nyepi zinapita, na simu za kupiga zinapita. Mke wangu alinipigia mwaka jana siku hiyohiyo. Si wewe mwenyewe uliniambia Oktoba niizime ile meseji? Ulisema ni kelele, arobaini kwa siku, na kila moja rupia mia tatu na hamsini."

Ni kweli, nilisema. Tena nilipiga hesabu mbele yake, rupia 14,000 kwa siku, nikajisifu kwamba nimeokoa.

Leo sina zaidi ya hapo la kuandika.

Jumanne, 31 Machi

Ninalo. Kosa langu halifuti lao. Nikiacha mlango wazi na wewe ukazima taa ya barabarani, mwizi akiingia tumemsaidia sote wawili. Lakini sasa sijui tena ni kiasi gani cha lawama kiende wapi, na kitu nisichojua kiasi chake hakinipi usingizi. Nimenunua daftari jipya. Kushoto nimeandika HASARA, kulia FAIDA. Nitauliza watu swali moja: kukatwa kwa intaneti siku ile kulikugharimu nini, na kulikupa nini?

Jumatatu, 6 Aprili

Nimeanza na majirani wa ufukweni. Vituo thelathini na kimoja. Kumi na tisa vina kifaa kama changu. Kati ya hivyo, kumi na kimoja ni vya aina mpya, havina kabisa njia ya meseji. Intaneti ikikatika ni mapambo ya ukutani. Hakuna aliyekufiwa ila mimi, kwa kuwa wengine wote walikuwa na mtu amelala palepale. Kwa hiyo walichonizidi ni mtu, si kifaa.

Jumanne, 14 Aprili

Mkunga wa zahanati: hospitali haikukatiwa, zahanati yake ilikatiwa. Alikuwa na mama mwenye kidonda cha upasuaji, akashindwa kumtumia daktari picha. Akampigia. "Siku zote hunijibu kwa picha ya kidole gumba," akasema. "Siku ile tuliongea dakika kumi na moja. Mambo mawili niliyokuwa nakosea akaniambia." Nimeandika pande zote mbili.

Mke wa Made Kertia hakusubiri nimalize swali. "Hasara? Hasara gani? Mume wangu siku hiyo hakucheza kamari ya simu hata mara moja! Alicheza na mwanawe. Waambie hao wakubwa wakate siku zote mia tatu sitini na tano."

"Na biashara yako ya keki? Oda zako si zinapitia simu?"

Akafikiri. "Basi wamkatie yeye tu."

Kertia, aliyekuwa nyuma ya pazia, akajibu: "Nikikatiwa mimi utamtukana nani?"

Nimecheka njia nzima. Lakini ni swali la kweli. Kisu kinachokata kamari yake ndicho kinachokata keki zake, na aliyekishika yuko mjini, hawajui wote wawili.

Alhamisi, 16 Aprili

Nyumba ya wageni ya kule juu ina intaneti ya waya. Haikukatwa hata sekunde. Wageni wanane walitazama filamu kutwa, mwenye nyumba kaniambia bila haya. Waya umeishia kwenye nguzo yake. Kutoka pale hadi mabwawani kwangu ni mita 1,400.

Kwa hiyo kimya kile si cha wote. Ni cha wenye simu. Hili nimeliandika kushoto kwa wino mwekundu.

Jumatatu, 20 Aprili

Jibu la barua limekuja. Maneno mia mbili na kumi na mawili. "Tumepokea." "Tunathamini." "Katika mazingatio yajayo." Nimetafuta ndiyo, hakuna. Nimetafuta hapana, hakuna.

Ijumaa, 24 Aprili

Mayai mapya yametotoka. Mistar anaimba.

Jumapili, 3 Mei

Nilikuwa najumlisha daftari, watu arobaini na wawili, binti yangu Luh Sekar akakaa mbele yangu na kulifunga kwa kiganja.

"Umeuliza mpaka muuza barafu, Mama. Mimi hujaniuliza."

"Wewe ulikuwa humu ndani na mimi. Nikuulize nini?"

"Niulize kama ulivyowauliza wengine."

Nikamuuliza kama nilivyowauliza wengine, jina na umri, kwa utani. Hakucheka.

"Luh Sekar. Miaka kumi na sita. Hasara, hakuna. Faida, nililala."

Kisha akanionyesha. Kundi la darasa lao kwenye simu, watu thelathini na wanne. Tangu Januari kuna mtu anachukua picha zake, anazichezea, anamwekea pua ya nguruwe, anamwekea mwili usio wake, na kila asubuhi lipo jina jipya. Wengine wanaweka vicheko. Nilihesabu vicheko, ndiyo tabia yangu, nikafika mia nne nikaacha.

"Kwa nini hutoki kwenye kundi?"

"Kazi za shule zinawekwa humohumo. Nikitoka, wataendelea na mimi sitajua wanasema nini. Kujua ni bora." Akavuta pumzi. "Siku ya Nyepi nilijua hakuna anayeandika. Hakuna anayeweza. Ndiyo siku pekee, Mama."

Namkumbuka siku ile. Saa tatu asubuhi alikuwa bado amelala, mdomo wazi kama mtoto mchanga. Nilisimama mlangoni nikawaza, mvivu huyu, na siku takatifu. Saa mbili baadaye vifaranga vyangu vikaanza kufa na mimi sijui, na binti yangu yuko palepale anapona na mimi sijui.

Nimekaa na daftari mpaka chai imepoa. Upande wa kulia nimeandika: siku moja ya usingizi. Sina namba ya kuweka mbele yake. Nimejaribu. Ukiiweka 640,000 upande ule na usingizi mmoja upande huu, hesabu inasema kitu, na mimi mama yake nasema kingine.

Jumatatu, 4 Mei

Shuleni. Mwalimu wa darasa alisema ni michezo ya watoto. Nikamsomea michezo hiyo kwa sauti, moja baada ya nyingine, mlango wa ofisi ukiwa wazi. Kwenye ya tisa akasema inatosha. Kundi limefungwa, kazi zitaandikwa ubaoni, na mzazi wa aliyekuwa anatengeneza picha ameitwa.

Nani alipaswa kulikata kundi lile? Serikali? Shule? Mimi, niliyekuwa mita nne kutoka kitandani kwake? Nilidhani swali langu lina pande mbili.

Jumanne, 12 Mei

Mfugaji kutoka Java ameulizia mpaka akapata nambari yangu, amenipigia, anadai vifaranga alivyolipia malipo ya awali. Simjui. Kumbe kuna ukurasa wenye picha za mabwawa yangu, sura ya Mistar akiwa na beseni, jina langu, na nambari ya simu ya mtu mwingine. Wameshaliwa fedha watu sita.

Nimejaza fomu ya malalamiko ya serikali mtandaoni. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe: leo nimewaomba wakate, na wakate haraka.

Ijumaa, 15 Mei

Ukurasa umeondolewa. Siku tatu. Nimeandika kulia, kwa wino uleule mwekundu. Haki ni haki.

Alhamisi, 21 Mei

Nyoman Sadra ndiye aliyekuwa amebaki kwenye orodha yangu. Nilimwacha wa mwisho kwa sababu sikutaka kumwona. Kila nikimwona nilikuwa naona sarongi yake ya miraba myeusi na myeupe ikipita barabarani kwa mbwembwe, siku ambayo mimi nimefungiwa ndani. Leo nikaenda kwake, anafuma kizimba cha jogoo.

"Hasara yako ipi, Kaka Nyoman, na faida ipi?"

Faida alikuwa nayo tayari. Miaka ile kabla ya kukata, kijana alijipiga picha amesimama katikati ya barabara siku ya Nyepi, akaituma, ikasambaa. Kesho yake vijana wa banjar mbili wakakutana kwa mapanga. Watatu walishonwa, mmoja ni mwanawe. "Tangu wakate, hakuna. Mtu akifanya upumbavu, anaufanya peke yake."

"Na hasara?"

Akaweka chini kisu cha kuchania mianzi. Hakunitazama.

"Dada Nengah, siku ile nilipita kwenye mabwawa yako. Saa tano na nusu hivi, nimetoka zamu ya ufukweni. Miaka tisa napita pale, na siku zote naisikia mashine yako. Mabwawa yote yanavuma, yameruhusiwa, samaki hawajui Nyepi. Ila yako ndiyo kubwa, mimi hujua nimefika kwako hata nikifumba macho. Siku ile haikuvuma."

Nikafunga daftari.

"Nikasema, Dada Nengah hatimaye amezima. Nikadhani umeamua mwaka huu kuitimiza siku yote, bila kisingizio cha kazi. Nikavua kilemba. Nikainama langoni kwako. Nikamwambia mwenzangu, tazama, huyu tunayemsema kwamba anaabudu namba. Mwenzangu naye akainama."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya ghala. Mimi, bila kutaka, nilikuwa nimeshaanza hesabu. Saa tano na nusu. Kifo saa sita na dakika tano. Dakika thelathini na tano. Kwa baiskeli yake hadi nyumbani kwangu, dakika sita, kurudi pamoja sita, jenereta kwa mkono nne. Kumi na sita. Zinabaki kumi na tisa. Vingepona, si vyote, ila vingi.

"Ulikuja kuniomba radhi mara tatu," nikasema.

"Ya kwanza ya desturi. Ya pili ya vifaranga. Ya tatu kwa sababu nilishindwa kusema ya pili ni ya nini."

Nilikuja na hasira ya miezi miwili, nikatafuta pa kuiweka. Utamgombezaje mtu aliyevua kilemba mbele ya lango lako? Nikamwambia, "Kaka, ungebisha hodi."

"Siku ya Nyepi? Nimkatize mtu kimya chake?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ningebisha hodi, na kumbe umezima kwa hiari, ungenisema mwaka mzima."

Kweli. Ningemsema miwili.

Jumanne, 2 Juni

Mkutano wa banjar. Nimesimama mbele ya wanaume na daftari langu. Nimesema vituo thelathini na kimoja vinavuma siku ya Nyepi, na kunyamaza kwa mashine si ibada, ni kilio. Wamekubali: mlinzi akipita kituo kisichovuma, abishe hodi kwa mwenyewe na amsindikize. Sadra ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Mtu wa nyuma akauliza, "Na mwenye kutaka kuzima kwa ibada?" Sadra akamjibu, "Aandike kwenye lango, tuiname kwa uhakika."

Kumbe kimya kile kile kilichozuia tahadhari zangu ndicho kilichomwezesha Sadra kusikia. Siku ya kawaida, na pikipiki na redio, asingejua kitu.

Jumanne, 9 Juni

Nimekwenda ofisini mjini, saa mbili na dakika arobaini njiani. Bwana Lanang, aliyesaini barua ile, ni mtu mpole, amenipa kahawa na keki za mchele. Nikamweleza yote, hasara na faida, sikuficha hata ile ya Oktoba.

"Mama Rustini, laiti wananchi wote wangekuwa kama wewe."

"Kama mimi vipi?"

"Wenye mizania."

"Basi nipe jibu. Watu kumi na mmoja wanataka kubadilisha vifaa warudi kwenye meseji. Amri yenu ya kila mwaka inataja intaneti tu. Haisemi kama meseji na simu za kupiga zitabaki. Zitabaki?"

Akazungusha kikombe. "Kuna mapendekezo kwamba mwakani kimya kiwe kamili zaidi."

"Kamili kiasi gani?"

"Yanazingatiwa."

"Na nani?"

"Na wadau."

"Mimi mdau?"

Akatabasamu. Akaniongezea keki.

Jumatano, 17 Juni

Sikukuu ya Galungan. Lawar ya nyama na nazi, wageni, mvua kidogo. Sekar amecheka mezani na rafiki wawili ambao sikuwajua.

Alhamisi, 18 Juni

Vifaranga 610,000 vya uzao wa pili tangu Nyepi vimeuzwa. Tuliimba wote.

Mzee Pasek: mwanawe anataka sahihi Ijumaa ijayo, tarehe 26, saa nane mchana, la sivyo kiwanja kinakwenda kwa mtu wa nyumba za wageni.

Jumatatu, 22 Juni

Nimepeleka barua mwenyewe, nimegongewa mhuri wa kupokelewa. Nainakili hapa.

"Bwana Lanang. Machi niliwaandikia nikitaka msikate kabisa. Ile niichukulieni kama ya mtu mwenye msiba. Nimeuliza watu arobaini na wanne tangu hapo. Siku ile ina thamani, na sehemu ya thamani hiyo imelala nyumbani kwangu. Kateni kamari, kateni matapeli, kateni hata intaneti yangu ya siku moja, ingawa mngetazama na waya wa nyumba za wageni. Kosa langu nimeshalirekebisha, meseji ya kifaa nimeiwasha. Banjar imesharekebisha lake. Limebaki lenu, nalo ni dogo, haligharimu hata rupia moja: kusema.

"Swali ni hili. Nyepi ya mwakani, meseji na simu za kupiga zitabaki wazi kwa saa zote ishirini na nne? Mkisema ndiyo, natia sahihi na kujenga mabwawa manane. Mkisema hapana, sijengi, na nitalala na vifaranga vyangu mwenyewe, maana hapana nayo najua pa kuiweka. Msiseme mmepokea, mhuri umeshasema. Msiseme mnazingatia.

"Nitakuwa kwenye benchi la mlangoni kwenu Ijumaa tarehe 26 tangu mnapofungua, na keki zangu mwenyewe. Barabara ya kurudi naijua kwa dakika, na saa nane natakiwa kwa Mzee Pasek. Kwa hiyo saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi nitasimama. Kabla ya hapo, kwa maandishi, neno moja. Ndiyo, au hapana?"